Begi la Tetu Halijai Kabla ya Kuaga

Ijumaa jioni, wanaoshuka kwenye matatu za kutoka Nairobi pale Nyeri mjini hujulikana kwa wepesi wa mizigo yao. Mkoba mmoja begani, pengine mkate na pakiti ya sukari mkononi kwa ajili ya wazee, basi. Jumapili mchana watu hao hao wakirudi kazini, mambo yamegeuka: kuna kiroba cha viazi, chane za ndizi, nduma zenye udongo wake, maparachichi, dumu la maziwa, na mara nyingine kuku aliyefungwa miguu ambaye hajaambiwa aendako. Ule mkoba wa Ijumaa umemezwa na vyote hivyo.

Mafunzo mengi ya kufungasha mizigo, yawe ya video au ya magazeti ya ng'ambo, huchukulia kwamba begi ni la msafiri peke yake. Anapanga, anabana, anafunga zipu, anaondoka. Kwa mtu wa Tetu, huku kwetu Nyeri, hesabu hiyo haitoshi. Mama atakuja na kitu. Shangazi wa ng'ambo ya mto atasikia unaondoka, naye atakutuma kwa mwanawe aliye Githurai. Ukiwa umelijaza begi pomoni kabla ya kuaga umejitafutia aibu, maana hakuna namna ya kumkatalia mama nduma zake. Kufungasha vizuri huku kwetu ni kujua kuacha nafasi. Ukitoka Nairobi kwenda Wamagana, Ihururu, Gichira au Ihithe, jaza nusu ya begi. Nusu ya pili ina wenyewe.

Hiyo nusu yako itatosha ukikumbuka kwamba kitu kinachokula nafasi ni baridi. Nyeri mjini pako zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Tetu inazidi kupanda kuelekea magharibi mpaka kwenye msitu wa Nyandarua, milima ambayo ramani nyingi bado huiita Aberdare. Mwezi wa Julai kuna siku ambazo jua halionekani kabisa. Kwa hivyo jaketi ni lazima. Lakini jaketi nene likikunjwa hujaza begi. Likivaliwa halichukui nafasi yoyote, na ndani ya matatu utaliegemeza dirishani ulalie. Viatu vizito navyo huenda miguuni. Kama nguo zikunjwe au ziviringishwe, huo ni mjadala ambao nimewaachia wenye nafasi. Kuviringisha hupunguza makunyanzi ya fulana, na shati la kanisani hukunjwa likawekwa juu kabisa, yametosha hayo.

Tena ni vyema kujua kilichoko uendako. Nyumba nyingi za Tetu zina gambuti nyuma ya mlango, za miguu ya kila aina, na sweta kuukuu la kuendea shambani, na boshori, na blanketi za kutosha. Kubeba jozi ya pili ya viatu kwenda mahali ambapo kesho asubuhi utaingia kwenye matope ya zizi la ng'ombe ni kujitesa bure. Suruali moja ya ziada au sketi, mashati mawili, nguo za ndani, mswaki, chaja, dawa kama unazitumia.

Na nguo moja ya heshima yenye rangi iliyotulia. Mtu huja kwao kwa wikendi ya kawaida akajikuta ameketi kwenye matanga ambayo hayakuwa katika mipango yake. Jambo hili lina kisa chake papa hapa Nyeri. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti ndani ya msitu wa Aberdare. Usiku huo huo baba yake, Mfalme George VI, akafariki huko kwao. Habari zilimfikia kesho yake alasiri akiwa Sagana Lodge, upande wa Kiganjo, na jioni akaondoka kupitia uwanja wa ndege wa Nanyuki. Husimuliwa kwamba hakuwa na vazi la msiba karibu, ikabidi apelekewe ndani ya ndege ilipotua London, na kwamba tangu hapo jamaa wa ufalme ule hawasafiri bila nguo nyeusi katika mizigo yao. Kama malkia mzima alikutwa hana, sembuse wewe unayekwenda Gichira, ambako mzee yeyote aweza kuitwa na Mola wake wakati wowote?

Treetops, iliyojengwa na Eric Sherbrooke Walker mwaka 1932, ilikuwa na utaratibu ambao ningependa tuuige. Wageni walifikia hoteli ya Outspan, Nyeri mjini, wakaacha masanduku yao makubwa pale, wakaingia msituni na mkoba mdogo wa usiku mmoja. The Ark, hoteli nyingine ya msitu huo iliyofunguliwa mwaka 1969, nayo iliwapitisha wageni wake Aberdare Country Club kule Mweiga kwa mtindo huo huo. Matajiri waliovuka bahari na masanduku ya ngozi waligundua kwamba usiku mmoja wa kutazama tembo unahitaji sweta, mswaki na darubini. Anayetoka Dubai au Dallas kwa likizo ya mwezi mzima aweza kufanya vivyo hivyo: lile sanduku la kilo nyingi libaki kwa ndugu jijini, yeye apande Tetu na begi la siku tatu. Ataokoa mgongo wake na wa mwenye bodaboda pia.

Maana barabara nayo ina sheria zake. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150, na matatu ya abiria 14 ina nafasi finyu ya mizigo nyuma ya kiti cha mwisho. Nafasi hiyo hupiganiwa. Kinachokosa pa kukaa huwekwa miguuni pako, nawe utasafiri njia nzima magoti yako yakigusa kidevu. Ndiyo maana silipendi sanduku gumu la magurudumu. Linapendeza kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, lakini halibaniki, halikunjiki, na magurudumu yake hayasaidii kitu kwenye barabara ya murram kutoka steji hadi nyumbani. Begi laini la kitambaa hukubali kusukumwa kwenye pembe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na makanga hulirusha begi lako kwa imani hiyo hiyo. Kitambulisho, pesa, simu, kipakatalishi, dawa na funguo za nyumba visiingie humo. Hivyo hukaa kwenye mkoba mdogo, mapajani.

Turudi kwenye ile nusu ya begi iliyo ya wengine, maana hapo mama zetu wanawapita walimu wote wa video. Viazi na maharagwe makavu hukaa chini kwa sababu ni vizito na havichuruziki. Nduma hazioshwi, udongo wake ndio unaozihifadhi, na nduma iliyooshwa ili ipendeze huoza upesi. Sukumawiki nayo haioshwi, huzungushiwa gazeti kavu au jani la mgomba. Parachichi huchumwa lingali gumu, kila moja likafungwa kwa kipande chake cha gazeti, na halipakiwi pamoja na ndizi zilizoiva, kwa kuwa ndizi hutoa hewa inayoharakisha kuiva kwa matunda mengine. Mayai huzikwa ndani ya unga au pumba kwenye mkebe wenye kifuniko, yasigusane. Maziwa huchemshwa, yakaachwa yapoe kabisa, ndipo yakatiwa kwenye dumu, nalo dumu husimama wima kati ya vitu viwili vizito lisije likalala. Kuku ni suala la nauli. Zungumza na makanga mapema, kabla kuku hajawika.

Kuna mipaka. Serikali yenyewe imeingilia hesabu ya magunia: kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, ili kukomesha yale magunia ya madalali yaliyoshonewa kilemba juu, maarufu kama mukorino. Kwa msafiri mimi ningeweka kipimo kidogo zaidi. Usichukue kiroba ambacho huwezi kukipandisha kwenye bodaboda peke yako, hata kama wa nyumbani wanasema ni kidogo tu.

Zamani vyote hivi vingetiwa kwenye mifuko ya plastiki. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ni haramu nchini Kenya, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Hata mgeni anayetua uwanja wa Jomo Kenyatta na mfuko wa plastiki aliopewa dukani safarini hutakiwa auache pale. Wengi waliuliza viatu vyenye matope vitafungwa kwa kitu gani sasa. Foronya kuukuu inafaa sana.

Leso inafaa zaidi. Mwana wa Ihithe, Wangari Maathai, aliyezaliwa huko mwaka 1940 na kuwa mbunge wa Tetu kuanzia 2002 hadi 2007, aliipiga vita mifuko ya plastiki miaka mingi kabla ya marufuku na akawahimiza watu warudie vikapu. Mwaka 2005, akiwa ameshapata Tuzo ya Amani ya Nobel, alizuru Japani na kuanza kulieneza duniani wazo la Wajapani la kutopoteza, mottainai. Mwaka uliofuata aliyekuwa waziri wa mazingira wa nchi hiyo, Yuriko Koike, akatoa kitambaa chenye jina hilo cha kufungia mizigo, cha aina ambayo Wajapani huiita furoshiki. Ni kitambaa cha mraba: unaweka vitu katikati, unafunga pembe mbili zinazotazamana, kisha mbili nyingine. Bibi zetu wangekitazama na kuuliza kilichokuwa kipya. Leso moja ndani ya begi hutenga nguo chafu na safi bila kuhitaji vile vifuko vya zipu vinavyouzwa ghali. Ikifunguliwa huwa taulo, huwa shuka, huwa mbeleko, huwa kitambaa cha kichwa kanisani. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kumwongezea kila msafiri, ningechagua hicho, na wanaume wasione haya.

Kwa watoto wengi wa Tetu, safari ndefu ya kwanza ni ya kwenda bweni. Wangari mwenyewe aliondoka Ihithe akiwa na miaka 11 kwenda kulala shule ya St Cecilia's, kwenye misheni ya Mathari. Siku hizi chombo cha safari hiyo ni sanduku la bati la mafundi wa jua kali, lenye rangi ya kung'aa na jina la mtoto juu ya kifuniko. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipojiunga na sekondari pevu, masanduku hayo yalitembea tena nchi nzima.

Kinachosahauliwa na wazazi wengi ni kwamba sanduku hilo litafunguliwa langoni. Mwalimu atatoa kila kitu akilinganisha na orodha ya shule, foleni ikiwa nyuma, mtoto akiwa karibu kulia. Anayepanga vitu kwa mfuatano wa orodha, cha kwanza juu na cha mwisho chini, humwokolea mwanawe dakika nyingi na haya ya kuona nguo zake za ndani zikipeperushwa mbele ya wageni. Hizo, pamoja na sodo kwa wasichana, zifungwe kwenye leso yake au mfuko wake wa kitambaa. Sabuni ya mche hukatwa vipande na kuanikwa siku kadhaa kabla ya safari. Ikikauka haiishi upesi na harufu yake hupungua. Hata hivyo iwe kwenye mkebe wake, mbali na mkate. Mkate wenye ladha ya sabuni utaliwa tu, bweni hakuna kutupa, lakini mtoto hatausahau. Godoro huviringishwa likiwa na mto na blanketi ndani yake, likakazwa kwa kamba ya mkonge. Kufuli iwe na funguo mbili, moja shingoni mwa mtoto na nyingine kwa metroni. Na hata sanduku hili lisijae kabisa. Siku ya wazazi itafika, na chapati zitahitaji pa kukaa.

Anayepanda Mlima Kenya ana hesabu tofauti, kwa kuwa kila alichobeba atakibeba kwa pafu lililopungukiwa na hewa. Kilele cha Lenana, ambacho watembea kwa miguu hukifikia bila kamba, kipo mita 4,985. Hakuna kisa cha kufungasha kinachonifurahisha kama cha Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki: Felice Benuzzi, daktari Giovanni Balletto, na Vincenzo Barsotti. Januari 1943 walitoroka kambini wakapande mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia waya. Miezi kadhaa walijinyima chakula na kukificha. Kamba walizipata kwenye nyavu za vitanda vyao, nyundo wakazigeuza shoka za barafu, vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga kwenye viatu. Ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Benuzzi na Balletto walifika Lenana wakasimika bendera. Barsotti alikuwa ameugua akabaki kambini kwao mlimani. Kisha wote wakarudi Nanyuki wakajisalimisha. Walikuwa nje siku 18, na chakula hakikutosha. Vifaa vyao vya kujitengenezea vilifanya kazi. Hesabu ya vibaba ndiyo iliyowapiga chenga.

Wa leo hukodi vifaa Naro Moru au Nanyuki, na chakula hubebwa na wapagazi, kwa hivyo makosa yamehamia kwenye nguo. Pamba ikilowa haikauki huko juu. Sufu na vitambaa vya michezo hukauka. Njia ya Naro Moru ina kinamasi kirefu ambacho wapagazi wengi huvuka na gambuti zao huku wageni wenye viatu vya bei kali wakiloa hadi kwenye soksi. Kitu kizito kwenye shanta hukaa katikati, karibu kabisa na mgongo, na koti la mvua hukaa juu ambapo mkono hufika. Wanawake wa Tetu walijua kuukaribisha mzigo mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushikilia kuni au kiondo. Sitaki kuusifia mno. Wengi uliwaachia alama kwenye paji na maumivu ya shingo yasiyoisha. Na chupa ya maji ya plastiki ya kutumia mara moja iache nyumbani, kwani tangu Juni 2020 plastiki za aina hiyo hazikubaliwi kwenye mbuga na misitu iliyohifadhiwa.

Halafu kuna safari ya ng'ambo. Mwaka 1960 Wangari alikuwa miongoni mwa mamia ya vijana wa Kenya waliokwenda kusoma Marekani katika mpango uliosukumwa na mwanasiasa Tom Mboya, naye akafikia chuo kimoja cha Atchison, Kansas. Siku hizi mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa begi, na begi moja haliruhusiwi kuvuka kilo 32 hata ukilipa, kwa ajili ya migongo ya wanaolipakia. Mzigo wa mpagazi wa misafara ya kutoka pwani katika karne ya 19 ulikuwa frasila mbili hivi, nazo ni karibu kilo 32 hizo hizo. Yule aliubeba kichwani kwa miezi.

Watu hupoteza kilo walizoruhusiwa na ndege kwa makoti. Anayekwenda Kansas au Minnesota huambiwa kuna baridi, akaenda sokoni Nyeri akanunua makoti matatu ya mitumba na kujaza sanduku. Huenda makoti yenyewe yalitoka huko huko, naye anayarudisha kwao kwa gharama yake. Vaa moja, mengine utayakuta. Nafasi hiyo itahitajika, maana hapa tena wa nyumbani wana mchango wao, ila safari hii forodha ndiyo inayochagua. Marekani haipitishi matunda mabichi wala mizizi yenye udongo, na kila chakula hutakiwa kitangazwe. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hazipokei nyama wala maziwa ya msafiri kutoka kwetu. Nduma, parachichi na maziwa ya mgando vibaki Tetu. Kinachopita bila matata ni majani chai yaliyofungwa kiwandani, nasi tuna kiwanda chetu cha Gathuthi, na kahawa iliyokaangwa. Mafuta ya nywele na losheni vikizidi mililita 100 viende kwenye begi la chini ya ndege. Barua ya chuo, pasipoti, vyeti na dawa zisiachane na mwili wako.

Begi lipimwe nyumbani, si mbele ya karani wa uwanja wa ndege huku jamaa 15 waliokusindikiza wakitazama chupi zako zikihamishwa kutoka sanduku hadi sanduku. Mizani ya bafuni inatosha: panda peke yako, panda tena ukiwa na begi, utoe. Asiyekuwa nayo amwombe mwenye duka la nyama, au karani wa kituo cha kununulia majani chai asubuhi kabla wakulima hawajafika. Sindano ikigonga 21, acha hapo. Kuna mtu atakayetokea dakika ya mwisho na pakiti ya kahawa ya mwanawe. Andika jina na nambari ya simu ndani ya kifuniko pia, kwa sababu kibandiko cha nje hung'oka, na ufunge kipande cha leso nyekundu kwenye mpini. Mabegi meusi kwenye ule mkanda unaozunguka yote hufanana.